Lami Chini, Watu Juu: Barabara za Mlimani za Kasese na Bwera

Kutoka Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, hadi mpaka wa Congo pale Mpondwe gari halipandi kilima cha kutisha. Barabara inaelekea kusini hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, inafika njia panda ya Kikorongo, karibu na ikweta na lile duara la saruji ambapo watalii hupiga picha, na kukata kulia kwenda Kinyamaseke na Bwera. Ni kilomita 60 hivi, zote lami. Muda wote huo milima ya Rwenzori iko upande wako wa kulia, na ukiinua macho utaona mabati yaking'aa juu kwenye miteremko ambako mgeni hawezi kudhani pana mji wa mtu. Kahawa, ndizi na maharage yanayopakiwa kwenye malori hapa barabarani hutoka huko juu kwa sehemu kubwa.

Wanaozungumzia barabara za wilaya hii, hasa wakati wa kura, huzihesabu kwa kilomita: ngapi zina lami, ngapi bado, nani aliahidi zipi. Kwa hesabu hiyo kilomita moja ya tambarare ya Kikorongo ni sawa na kilomita moja ya kupanda Kyondo au Kitholhu huko mlimani. Daftari la fedha nalo linasoma hivyo hivyo. Lakini ya kwanza unaweza kuisahau miaka miwili na ikakusubiri, ilhali ya pili ukiisahau msimu mmoja wa mvua hutaikuta. Makosa mengi ya barabara za Kasese na Bwera, kwa maoni yangu, yanaanzia kwenye hesabu hiyo isiyotazama mwinuko.

Lami haikupita bondeni kwa bahati. Reli ya magharibi ilifika Kasese mwaka 1956 kwa sababu ya shaba ya Kilembe, na mji ukaota pale reli ilipoishia. Mgodi uliendelea hadi 1982, treni nazo zikanyamaza katika miaka ya 1990, ila ramani ya uchukuzi ilikuwa imeshachorwa. Ilifuata vitu vinavyojaza lori: shaba ya Kilembe, chumvi ya Katwe, saruji ya Hima, forodha ya Mpondwe. Mlimani hakukuwa na mzigo wa namna hiyo. Kulikuwa na watu na bustani zao, na mzigo wao ulishuka mgongoni, kamba ikiwa imezungushwa kwenye kipaji cha uso, kama ambavyo wanawake wa Kikonzo hubeba mpaka leo.

Siasa ikazidisha umbali kati ya mlima na bonde. Wakonzo, wenyeji wa mlima huu, na Waamba walikuwa chini ya ufalme wa Toro, na mwaka 1962 vuguvugu la Rwenzururu likatangaza kujitenga. Vita na mivutano ilidumu miaka ishirini, hadi makubaliano ya 1982, na katikati yake, mwaka 1974, Kasese ikawa wilaya ya peke yake. Katika miaka hiyo mlima ulikuwa ngome. Serikali inayopigana na watu wa mlimani haina haraka ya kuwachongea njia, na sidhani kama wenyewe waliililia sana: njia inayoshusha kahawa ndiyo inayopandisha askari. Novemba 1996 waasi wa ADF waliposhambulia Mpondwe na kisha kujichimbia milimani, maelfu ya watu walishuka na kukaa kambini karibu na barabara kuu. Waliporudi juu miaka kadhaa baadaye walikuwa wameonja maisha ya mahali ambapo gari la wagonjwa linafika mlangoni. Madai ya barabara za mlimani yaliongezeka sauti tangu hapo, nayo ni madai ya haki.

Uganda inagawa barabara zake kwa kufuata mwenye nyumba, yaani ofisi inayozitunza. Zipo za taifa, za wilaya, za miji, na zile za jamii ambazo ziko mikononi mwa kata. Za taifa zilikuwa chini ya Mamlaka ya Barabara za Taifa, UNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2006 na kuanza kazi 2008. Mwaka 2009 mtandao wa taifa ulikaribia kuongezeka maradufu, kutoka takriban kilomita 11,000 hadi zaidi ya 20,000, kwa sababu barabara nyingi za wilaya zilipandishwa daraja. Wilaya zilishukuru, maana zilikuwa zimetua mzigo. Mwishoni mwa 2024 UNRA yenyewe ikavunjwa na kazi zake zikarudi wizarani, na Mfuko wa Barabara, uliokuwa ukigawa fedha za matengenezo, ukarudishwa huko pia katika zoezi hilo hilo la kupunguza taasisi.

Kwa mtu wa Kyarumba, kule mlimani, mabadiliko hayo yote yanageuka kuwa jambo moja: jiwe likianguka njiani, anampigia nani simu? Barabara ya kutoka Kinyamaseke kupanda Kisinga hadi Kyarumba ni mfano mzuri. Inapita karibu na Hospitali ya Kagando, inaingia bonde la mto Nyamugasani, na imekuwa ahadi ya lami kwenye majukwaa ya kampeni kwa miaka mingi. Yenyewe angalau ina jina katika vitabu vya Kampala. Vijia vinavyoiangukia kutoka pande zote mbili havina. Vipo mikononi mwa kata, ambayo haina greda, haina mhandisi, na bajeti yake ya barabara haitoshi kununua makalavati ya kona tano. Kwa hiyo mzigo unasafiri kwa daraja tatu za mwenye nyumba ndani ya mwendo wa asubuhi moja, na mahali pabovu kuliko pote huwa ni pale ambapo mwenye nyumba ana mfuko mdogo kuliko wote. Hapo pabovu ndipo penye mwinuko mkali zaidi.

Tutazame jinsi njia ya namna hiyo inavyokufa, maana haifi kwa siku moja. Imechongwa ubavuni mwa kilima, upande wa ndani kuna ukuta wa udongo, upande wa nje kuna korongo. Mtaro uko upande wa ndani. Maji yanayoshuka kutoka bustani za juu yanaingia mtaroni, yanakimbia hadi yakute kalavati, yanapita chini ya barabara na kutokea korongoni. Kalavati la kawaida la barabara za wilaya lina kipenyo cha milimita 600. Katika bustani za migomba hiyo ni nafasi ndogo: majani makavu mawili matatu, shina lililokatwa, udongo uliolimwa hadi ukingoni mwa mtaro, basi, limeziba. Mvua inayofuata maji hayana pa kwenda. Yanapanda juu ya barabara, yanaikata kwa mshazari na kuanza kuula ukingo wa nje. Boda boda wanahamia upande wa ndani, wanakanyaga mtaro, mtaro unajaa. Wiki chache baadaye gari dogo halipiti.

Ndipo greda inakuja. Hapa kuna jambo ambalo wenyeji wanalijua na ripoti hazilitaji: greda isiyo na usimamizi huharibu barabara ya mlima huku ikiipendezesha. Inakwangua uso, inalainisha mashimo, na udongo inausukuma upande wa nje, ambako unabaki kama tuta refu. Barabara inaonekana pana na safi, mwenyekiti anapiga picha. Lakini lile tuta limefunga mlango wa maji. Mvua ikija, maji yaliyokuwa yakitoka ukingoni kidogo kidogo sasa yanatembea katikati ya njia kutoka juu hadi chini, yakichimba. Kila mwaka greda inapita, kila mwaka njia inashuka zaidi, mpaka inakuwa handaki ambalo kuta zake zinampita mtu kimo. Njia iliyofika hapo hutaikausha tena kwa gharama ndogo, maana imeshakuwa mto wa msimu.

Kahawa nayo ina neno lake katika hili. Buni mbivu inatakiwa kumenywa siku ile ile inapochumwa, na ni nzito kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji na nyama ya tunda. Kilo tano hivi za buni mbivu ndizo zinazotoa kilo moja ya kahawa iliyooshwa na kukauka. Mkulima ambaye njia yake imekatika hawezi kuhatarisha mzigo huo. Anaianika na ganda lake nyumbani, anasubiri jua, anauza kavu. Kahawa hiyo, ambayo soko la Uganda huiita drugar, ndiyo iliyoijengea Kasese jina, na kwa miaka mingi bei yake imekuwa chini ya ile iliyooshwa. Sisemi kwamba barabara ndiyo sababu pekee; ukame wa fedha za haraka na madalali wanaonunua kahawa ikiwa bado maua mtini vina sehemu yao. Lakini vyama kama Bukonzo Joint, chenye makao Kyarumba, vilipoanza kueneza usindikaji bora, njia waliyoona inawezekana ilikuwa kupeleka mashine ndogo za kumenya kwa wakulima huko huko juu, badala ya kusubiri buni ishuke. Ni akili nzuri. Pia ni ushahidi dhidi ya barabara.

Upande wa mji hadithi ina sura nyingine. Barabara ya Kasese hadi Kilembe inaunganisha mji na vitongoji vya mgodini ndani ya manispaa moja, ikipanda bonde la mto Nyamwamba. Ina lami na ina hadhi, na wakazi wake wengi wanaishi katika nyumba za safu zilizojengwa na kampuni ya mgodi. Kama tatizo lingekuwa lami peke yake, Kilembe ingekuwa imepona. Mei 2013 Nyamwamba ulifurika na kushuka na mawe makubwa, ukabeba nyumba na madaraja na kuingia Hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudia, na safari hii hospitali ikalazimika kuhama. Mto ulihitaji nafasi, na nafasi pekee bondeni ilikuwa pale barabara, nyumba na hospitali vilipo. Wakati wa mgodi kulikuwa na mashine na watu wa kampuni wa kuondoa mawe mtoni. Mgodi ulipofungwa kazi hiyo haikupata mrithi wa kudumu. Lami iliwekwa na ofisi moja, mto unaangaliwa na nyingine, mteremko wa juu hauangaliwi na yeyote. Septemba 2022 kijiji cha Kasika, katika kata ya Rukoki pembeni mwa mji, kiliporomokewa na udongo na watu wasiopungua 15 wakafa. Hapakuwa na barabara ya kulaumiwa hapo. Ni mlima uleule tu, mvua ileile.

Fedha zenyewe zinagawanywaje? Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 serikali ilianza kuzipa wilaya shilingi bilioni moja kila moja kwa ukarabati wa barabara. Kiasi kilipokelewa kwa shangwe, na ni kikubwa kuliko vilivyotangulia. Lakini ni bilioni moja kwa kila wilaya: kwa wilaya ya tambarare yenye watu wachache na kwa Kasese, iliyokuwa na watu wanaokaribia 700,000 katika sensa ya 2014 na ambayo ardhi yake inaanza kwenye mita 900 na ushei za bondeni na kuishia kwenye barafu ya kilele cha Margherita, mita 5,109. Usawa wa namna hii unapendeza bungeni tu. Mitambo nayo iligawanywa kwa mtindo huo mwaka 2017, pale serikali ilipoleta magreda na malori kutoka Japani kwa wilaya zote. Greda moja inaweza kuzunguka tambarare ya wilaya ndogo. Kwa Kasese, ikimaliza kata ya Maliba, ile ya Karambi imeshaharibika.

Kuna nchi zilizojaribu kuandika hesabu ya mgao kwenye sheria. Katiba ya Malaysia inaitaka serikali kuu izipe serikali za majimbo ruzuku ya barabara kila mwaka, na kiasi kinapatikana kwa kuzidisha urefu wa barabara za jimbo kwa wastani wa gharama ya kuitunza maili moja. Hakuna waziri wa kubembelezwa. Penang, jimbo ambalo sehemu yake maarufu ni kisiwa chenye vilima, lina barabara kama Jalan Tun Sardon inayopanda kutoka vitongoji vya Paya Terubong na kushukia Balik Pulau, kona juu ya kona. Barabara za huko zina mitaro ya saruji na kuta za kuzuia udongo ambazo Bwera wangezitamani. Hata hivyo tusiwapambe kupita kiasi. Wastani ni wastani, haujui kilima. Mvua za Novemba 2017 ziliporomosha udongo kwenye vilima vya kisiwa hicho, na Oktoba 2018, pale Bukit Kukus, mteremko uliangukia eneo la ujenzi wa barabara mpya ya vitongoji hivyo hivyo na kuua wafanyakazi tisa. Mwinuko hauhongwi, hata kwa fedha zinazofika kwa wakati.

Tukirudi Bwera, Mpondwe ndiyo inayofanya ofisi za Kampala zikumbuke upande huu. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, watu wanavuka kwa maelfu, na Kiswahili hutumika kupatana bei pande zote mbili za mto Lhubiriha. Juni 2021 marais wa Uganda na Congo walikutana hapo mpakani kuzindua ujenzi wa kilomita 223 za barabara ndani ya Congo, ikiwemo Kasindi hadi Beni, huku Uganda ikichangia sehemu ya gharama. Kelele zilikuwa nyingi: vipi tunatia lami Beni na Kyarumba bado vumbi? Waliopiga kelele walikuwa na uchungu wa kweli. Waliotetea nao walikuwa na hoja, kwani Congo ni mnunuzi mkubwa wa bidhaa za Uganda na mteja huwekewa njia. Kilichosahaulika na pande zote ni kwamba lori la saruji kutoka Hima litafika Beni haraka zaidi bila kununua hata kilo ya maharage ya Ihandiro huko mlimani. Njia kuu ikiboreshwa peke yake, bidhaa za mbali zinapita mbele ya mlango wa mkulima kwa kasi kubwa zaidi, yeye akiwa bado anasubiri boda boda.

Barabara kuu pia ndiyo inayolindwa. Wakati wa Ebola, Juni 2019, Mpondwe ilikuwa na mabeseni ya kunawia na vipimajoto kwa kila anayevuka. Familia ya mtoto wa kwanza kugundulika na ugonjwa huo Uganda katika mlipuko ule ilivuka kwa njia ya panya na kufikia Hospitali ya Kagando, kabla ya kuhamishiwa Bwera. Hilo halikuwa kosa la walinzi wa Mpondwe. Wakonzo na Wanande wa upande wa Congo ni ndugu, mashamba yao na misiba yao imevuka mpaka tangu kabla ya mpaka, na mlima una vijia vingi kuliko askari.

Basi kifanyike nini, kando ya kusubiri lami kamili ambayo kwa kila kijia haitakuja katika maisha yetu? Wahandisi wa Uganda wenyewe wana jibu na wamelifundisha miaka mingi katika chuo cha Mlima Elgon pale Mbale, kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvu za watu: usitie lami kilomita kumi, tia uso mgumu kwenye zile mita mia mbili zenye mwinuko mkali, na kwingine weka mitaro na changarawe. Njia ya kilomita nane ikikatika mahali patatu, imekatika yote. Pakitengenezwa hapo patatu, imepona yote. Kinachotumika kinaweza kuwa mistari miwili ya zege ya kukanyagwa na magurudumu, au mawe yaliyopangwa kwa mkono. Hapa Kasese ina bahati ya ajabu. Kiwanda cha saruji kipo Hima, ndani ya wilaya, na mawe yanaletwa bure na Nyamwamba na Nyamugasani kila mafuriko. Waendesha boda hawapendi barabara ya mawe, inatikisa na kuvunja spoku, na mama mjamzito juu ya pikipiki atakuambia zaidi ya hapo. Ila watapita Mei, na kwa sasa Mei hawapiti.

Baada ya hapo kuna kazi ya kufungua makalavati, na hiyo ni ya mtu mwenye koleo, panga na toroli anayeishi kando ya njia. Upande wa Congo, enzi za Wabelgiji, vipande vya barabara vilikuwa na kantonye wao, mtu wa kuvitunza. Uganda ina vikundi vya barabara vinavyoajiriwa na wilaya kwa kazi hiyo hiyo, na vinapolipwa, tofauti inaonekana ndani ya msimu mmoja. Tabu ni kalenda. Mvua kubwa za kwanza huisha Mei, za pili huanza Agosti. Juni na Julai ndiyo miezi ya katikati ya mwaka ambayo udongo wa mlimani umeshikana na mtambo unaweza kupanda bila kuzama. Lakini mwaka wa fedha wa Uganda unafungwa 30 Juni, na sheria inataka fedha ambazo hazijatumika zirudi Hazina. Julai wilaya inasubiri mgao mpya, kisha zabuni, kisha mafuta ya greda. Mgao unapofika na karatasi zikasainiwa, Karambi na Kyondo zinakuwa zimeshaanza kunyeshewa.